Nani Analipia Kiti?

Soda moja inaweza kukaa mezani saa mbili nzima. Sisi wanachuo tunalijua hilo kuliko mtu yeyote. Unanunua moja, unainywa kwa mafunda madogo kama dawa, unachaji simu kwa umeme wa watu, unaangalia mechi yote mpaka dakika za nyongeza, halafu unaaga na kuondoka. Hakuna aliyekufukuza, na wewe huoni kama umeacha deni. Lakini deni umeacha. Kiti ulichokalia kina bei, umeme una bei, king'amuzi kina bei, na soda yako moja haijalipa hata nusu yake. Leo nataka tuongee kuhusu nani anayelipa iliyobaki, hasa pale ambapo mwenye eneo ameamua kwamba pombe hauzi.

Nina sababu mbili za kuandika. Ya kwanza mnaijua: kila mwaka serikali yetu ya wanafunzi inaleta hoja ya sehemu ya kukaa usiku isiyo na pombe, watu wanapiga makofi, na kila mwaka hoja inafia mezani. Ya pili ni yangu mwenyewe. Mkopo wa Bodi haulipi ada yangu yote. Sehemu inayobaki inatoka kwenye kibanda umiza cha shangazi yangu, Makoko, Musoma, ambacho tangu kifunguliwe hakijauza bia hata moja. Kibanda kikiyumba, mimi ndiye ninayeitwa ofisi ya mhasibu. Kwa hiyo hili jambo wengine wanalijadili kama maadili. Mimi nalijadili kama ada.

Kwa mliokulia kwenye nyumba zenye kila chaneli, kibanda umiza ni chumba cha mabati au mbao, mabenchi yamebanwa goti kwa mgongo, luninga moja au mbili zimetundikwa juu, na kijana mlangoni anayekusanya kiingilio. Joto ni la kweli na jina halikutoka hewani. Cha shangazi kina nafasi ya watu 60 ukiwapanga vizuri. Ana ving'amuzi viwili, kwa sababu Ligi Kuu yetu iko Azam, waliosaini na TFF mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6, na Ligi ya Uingereza iko DStv. Mtu wa Simba na Yanga ndiye huyo huyo wa Arsenal na Man U, na humwambii achague.

Makoko yenyewe ipo kwenye rasi, ziwa limetuzunguka. Kuna seminari, kuna chuo cha lugha ambako wageni wanakuja kujifunza Kiswahili, kuna kambi ya jeshi, na kuna mwalo. Ukitaka kuelewa biashara ya usiku kwetu, anza na mwalo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwa mkubwa, maana dagaa hawakusanyiki. Kwa hiyo mwezi wa wavuvi umegawanyika: siku za giza wako majini, siku za mbalamwezi wako nchi kavu. Na kwa mitumbwi ninayoifahamu mimi, mahesabu makubwa hufanyika giza likiisha. Maana yake ni hii: wakati mtu ana hela, ndiyo wakati huo huo ana usiku mzima wa bure. Wenye baa wanalijua hilo kama wanavyojua majina ya watoto wao.

Tusiwacheke wavuvi. Badilisha neno mbalamwezi uweke bumu, uone kama hujajikuta mwenyewe. Bumu likitoka, wiki ya kwanza kila mtu ni tajiri, chipsi kuku kila jioni, mikutano ya ghafla mitaa ya nyuma ya chuo. Wiki ya sita tunakopeshana mchele. Hela yetu na ya mvuvi zinakuja kwa mawimbi, na biashara ya usiku imejengwa kuyasubiri mawimbi hayo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Nasema "tuseme", kwa sababu bei zinabadilika kila kona, lakini uwiano ndio huo. Tuseme mwenye eneo anapata faida ya shilingi 150 kwenye soda na 400 kwenye bia. Ukiangalia haraka utasema bia inalipa karibu mara tatu. Siyo hivyo tu. Mtu mmoja hanywi soda nne kwa usiku. Tumbo lenyewe linakataa. Bia nne zinanyweka, na ya nne ndiyo inayomwita rafiki aje aagize "mzunguko". Kwa hiyo mnywaji wa bia anaacha shilingi 1,600, na wa soda anaacha 150. Wanywaji kumi wa soda hawamfikii mnywaji mmoja wa bia, na viti wamekalia kumi. Ndiyo maana sehemu nyingi zinazofunguliwa kwa jina la "soda na juisi tu" huwa zina rangi mpya mwezi wa kwanza na kufuli mwezi wa sita. Wateja wanaweza kuwa wengi tu, ila wamekaa, hawajalipa.

Tatizo linaanzia kwenye namna baa ilivyotufundisha kufikiri. Baa haikutozi kiti. Unaingia bure, unakaa bure, muziki bure, mpira bure, na gharama zote hizo zimefichwa ndani ya chupa. Tumezoea hivyo mpaka tunaamini kukaa ni bure kila mahali. Ukitoa chupa bila kuweka kitu kingine cha kulipia kukaa, umetoa nguzo ukitegemea paa litabaki juu kwa heshima.

Lakini usiku bila pombe si jambo geni Afrika Mashariki. Pwani wameuishi vizazi na vizazi, na inafaa kuangalia kiti chao kinalipwa na nani. Nenda Mji Mkongwe, Zanzibar, pale Jaws Corner, ambapo njia kadhaa za Soko Muhogo zinakutana. Jioni kuna kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, kuna bao, kuna domino, kuna luninga, kuna siasa mpaka usiku. Muuza kahawa anauza kikombe kwa hela ndogo sana na bado anaishi, kwa sababu hana pango. Wateja wamekalia baraza za mawe zilizojengwa na kuta za nyumba, na anga ndiyo dari. Kiti kililipwa zamani na aliyejenga nyumba.

Shuka kidogo mpaka Forodhani. Usiku pale ni urojo, mishikaki, juisi ya miwa, familia nzima imetoka na watoto, na watalii katikati yao. Bustani ile ilikarabatiwa na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009. Yaani mchuuzi anawasha taa yake kwenye uwanja ambao gharama kubwa ya ujenzi ilishabebwa na mwingine. Kilichobaki ni yeye kuuza chakula, na chakula, tofauti na soda, mtu anarudia.

Ukitaka ya mbali zaidi, London ilipata mgahawa wake wa kwanza wa kahawa mwaka 1652, na migahawa hiyo ilizoea kutoza peni moja. Kwa peni ile ulipata kahawa, joto la moto, magazeti na mazungumzo ya watu wenye akili, mpaka watu wakaviita vyuo vikuu vya peni. Angalia walichokuwa wanauza. Kahawa ilikuwa kisingizio, na peni ilikuwa ya kukaa.

Hapo ndipo kibanda umiza kinaponifurahisha mimi kama mwanafunzi wa ualimu niliyesoma uchumi mpaka kidato cha sita. Bila kusoma kitabu chochote, wenye vibanda walilitatua swali hili: kama huuzi bia, uza mlango. Jero mlangoni, mara watu 60, ni shilingi 30,000 kabla mtu hajanunua hata karanga. Wangeingia bure kisha kila mmoja akanunua soda, shangazi angepata 9,000. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya aendelee kufungua.

Na kuna watu ambao mlango huo ni wao kabisa. Mara ni mkoa wenye Wasabato wengi. Jumamosi mchana huwaoni, wako kanisani. Lakini jua likizama Sabato imekwisha, na mechi ya jioni ya Uingereza, Ulaya inapokuwa kwenye saa za kiangazi, inaanza saa 1:30 usiku. Vijana wanatoka moja kwa moja na nguo za ibada, wanakaa mstari wa mbele. Baa hawaingii, na hata kama mtu angetaka, mzee wa kanisa atajua kabla nusu ya kwanza haijaisha. Kuna Waislamu, ambao Ramadhani hukaa pale baada ya tarawehe wakinywa chai ya tangawizi. Kuna wanafunzi wa sekondari. Na tulikuwepo sisi wasichana wachache. Mimi mama aliniruhusu kutoka usiku kuangalia mpira kwa sababu moja tu, pale hapakuwa na pombe na shangazi alikuwa mlangoni. Rafiki zangu wengi usiku wao uliishia saa moja, mlango ukifungwa. Kibanda kiliniongezea saa tatu za maisha kwa siku, na sidhani kama kuna daftari lenye safu ya kuandika faida hiyo.

Likizo iliyopita, wakala mmoja wa bia alimfuata shangazi. Alikuja kistaarabu. Angemletea jokofu, viti vya plastiki, meza, na kupaka ukuta rangi, vyote bila malipo. Anachotakiwa kufanya shangazi ni kukata leseni ya vileo na kuuza. Shangazi hakumjibu siku ile. Usiku alinipa kaunta buku lake akasema, "Haya mwalimu wangu, wewe ndiye msomi. Nipigie hesabu, lakini usinipigie mahubiri."

Nilikaa mlangoni wiki tatu nikiandika. Niliwagawa wateja kwa makundi na kujiuliza nani atabaki bia ikiingia. Usiku wa Jumamosi ulio kamili wa watu 60, nilihesabu kama 25 ambao wasingerudi. Wanabaki 35. Tukisema 30 kati yao wanakunywa bia nne kila mmoja, faida ni shilingi 48,000. Dhidi ya 30,000 za mlangoni, bia imeshinda, na nilimwambia hivyo.

Lakini daftari lilikuwa na kurasa nyingine. Kwanza, bia ikiingia mlango unakufa. Huwezi kumtoza mtu kiingilio aje kununua bia wakati baa ya jirani anaingia bure. Kwa hiyo zile 48,000 haziongezeki juu ya 30,000, zinachukua nafasi yake. Pili, ndani ya 48,000 kuna leseni, umeme wa jokofu, mlinzi, viti vinavyovunjika, na madeni. Anayekunywa kwa mkopo humkumbuka mkopeshaji giza linalofuata, akikumbuka. Tatu, 48,000 ni ya mbalamwezi. Siku za giza wavuvi wako ziwani, na wanaojaza kibanda ni hao hao 25 ambao bia ingewafukuza.

Nne ni saa. Ligi ya Mabingwa Ulaya inachezwa katikati ya wiki, na mechi kubwa zinaanza saa 4 usiku kwetu. Ulaya ikibadilisha saa zake wakati wa baridi, zinaanza saa 5. Kwa Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, leseni ya kawaida ya baa siku za kazi mwisho ni saa 5 usiku. Yaani kwa sheria, refa anapopuliza filimbi ya kuanza, muuza bia anatakiwa awe anafunga. Kwamba wengi hawafungi najua. Shangazi ni mjane mwenye biashara moja, hana ndugu kituoni, na asingeweza kujenga kipato chake juu ya kutofunga.

Nilipomaliza tulikuwa na picha tofauti na ile ya kumi kwa moja. Bia ilikuwa bado inashinda usiku wa Jumamosi wa mbalamwezi, ikishindwa siku za giza, na mwisho wa mwezi tofauti ilikuwa ndogo. Ndogo, ila ipo, na ada haikubali kulipwa kwa sababu nzuri. Kwa hiyo swali likawa: tofauti hiyo inazibwaje?

Shangazi aliamua kwa siku moja. Alimshukuru wakala na kumrudisha. Halafu akapandisha mlango: siku za kawaida 700, na usiku wa mechi kubwa buku zima, lakini ndani yake kuna kikombe cha chai ya rangi na andazi. Watu walilalamika sana. Usiku wa kwanza wa buku walikuja 41. Mmoja alisimama nje dakika 20 akiangalia kupitia tundu la bati kama maandamano. Wiki ya tatu walikuwa 52. Ukitoa kama 200 za chai na andazi kwa kila mtu, zinabaki shilingi 41,600, bila mlinzi, bila leseni ya vileo. Kwa wavuvi akatengeneza kitu kingine: karatasi zenye muhuri wake, kumi kwa bei ya tisa, wanazinunua siku za mahesabu hela ikiwa mkononi. Baadhi walimwambia wazi kwamba wanazipenda kwa sababu hela iliyokwishageuka karatasi haiwezi kunywewa.

Sitaki kuwadanganya kwamba ni hadithi ya ushindi. Kibanda kina udhaifu ambao bia haina: bidhaa yake si yake. Ligi za Ulaya zikifunga msimu, mabenchi yanakuwa wazi wiki kadhaa. Anaweka filamu zilizotafsiriwa, mtaji unasogea kwa shida, na vifurushi vikipanda bei yeye hana wa kumlilia. Niliporudi chuo, sehemu ya ada ya muhula ilikuwa imelipwa. Ya muhula ujao inategemea ratiba ya mpira iliyopangwa Ulaya na watu ambao hawajui kama Makoko ipo.

Sasa turudi kwetu chuoni. Kila hoja ya "sehemu isiyo na pombe" niliyoisikia ukumbini imejengwa juu ya mambo mawili: kukemea walevi na kuomba ruzuku. Kukemea hakulipi umeme. Ruzuku inatosha bonanza moja na fulana, halafu basi. Serikali ya nchi yenyewe ilipopiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, ilikuwa sahihi kwa afya, nami mtaani niliona tofauti. Lakini marufuku iliondoa pakiti tu. Yule kijana aliyekuwa na jero lake na usiku wake mrefu alibaki na vyote viwili, na aliyempa pa kwenda ni mwenye kibanda, kwa sababu alikuwa na namna ya kulipwa.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na lina hesabu. Tuna bwalo ambalo usiku linakaa tupu. Kiti kilishajengwa, kama baraza za Zanzibar. Kinachobaki ni umeme, kisimbuzi, mtu wa usafi na mtu wa mlango. Tuweke kiingilio, tusione aibu, na ndani yake iwepo chai na andazi ili aliyelipa aone alicholipia. Kiwe wazi mpaka mechi ya katikati ya wiki iishe, na taa ziwashwe kutoka mlangoni mpaka hosteli za wasichana, maana kwa sasa binti wa chuo hiki akitaka kutoka usiku ana chaguo mbili, chumbani au baa, na wengi tunachagua chumbani bila kupenda.

Na kadi ziuzwe wiki ile bumu linapotoka. Kadi ya muhula mzima, kumi kwa bei ya tisa kama za wavuvi wa Makoko. Hapo tutakuwa tumelipa tukiwa na hela, tukakaa tukiwa hatuna. Wiki ya sita, mtu asiye na hata mia mfukoni ataingia bwaloni kwa haki yake, akae mpaka filimbi ya mwisho, na kiti chake kitakuwa kimelipiwa.

Nimeiandika hesabu yote kwenye ukurasa mmoja na kuipeleka kwa waziri wa fedha wa serikali yetu ya wanafunzi. Nimeomba itajwe kwenye kikao kijacho cha bajeti, kabla ya kipengele cha bonanza.